Kazi ku kampuni za enformatiki Lubumbashi na Kolwezi: faida yake na mzigo wake

Kila mwaka, ku UNILU, ku ESIS Salama na ku vyuo vingine vya Lubumbashi, vijana wengi wanapata diploma ya enformatiki. Wachache wanaingia moja kwa moja ku benki ao ndani ya kampuni kubwa ya madini. Kwa wengine, mlango wenye kufunguka kwanza ni wa kampuni ndogo ao ya katikati yenye kuuza huduma za enformatiki: kuvuta rezo, kutengeneza kompyuta, kufunga kamera, kuchunga serveri, kuandika programu ya stoki ao ya mishahara.

Mbele ya mlango huo kuko mabishano yasiyoisha, katika familia na kati ya marafiki. Wamoja wanasema: ingia, ile ni shule ya pili, tena wanakulipa. Wengine wanasema: pale watakutumikisha usiku na mchana, na siku mteja akivunja kontra, unarudi nyumbani na bagi yako. Pande zote mbili ziko na haki. Kazi ni kujua faida inaishia wapi na mzigo unaanzia wapi, zaidi sana kisha mwaka wa 2025, wakati kobalti ilizuizwa kutoka inchini na kila mtu anayeishi kwa feza ya migodi akalazimika kupiga hesabu upya.

Watu watatu ndani ya kontra moja

Ku kazi ya kawaida kuko watu wawili: bosi na mfanyakazi. Ku kampuni ya huduma za enformatiki wako watatu. Wa kwanza ni mteja: mgodi, benki, hospitali, kampuni ya simu, shirika la misaada. Mteja huyo hataki kuajiri kikundi chake cha mafundi, ao anataka wachache tu. Wa pili ni kampuni ya enformatiki, yenye kusaini na mteja kontra ya huduma, mara mingi ya mwaka moja. Wa tatu ni fundi mwenyewe. Anaamkia ku mteja, anavaa badji ya mteja, anapokea maagizo ya mteja, lakini mshahara wake unatoka ku kampuni iliyomtuma.

Mpango huo unaitwa sutretansi. Kongo iko na sheria yake: sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017. Inasema kazi za sutretansi ni za kampuni zenye mtaji wa Wakongo na zenye makao makuu ndani ya inchi. Inasema pia kwamba sehemu ya kazi yenye kupewa kampuni ingine haiwezi kupita 40% ya bei ya soko lote. ARSP ndiyo mamlaka yenye kuchunga sheria hiyo. Kwa vijana wa Haut-Katanga na Lualaba, hii ni habari nzuri: kazi ya kufunga rezo ku mgodi, yenye ingeweza kwenda ku kampuni ya inje, sheria inaitaka ibaki mikononi mwa kampuni ya hapa.

Lakini sheria ya 2017 inalinda zaidi kampuni. Haikuandikwa juu ya fundi mwenye kushika waya. Mwaka wa 2021, shirika RAID la Uingereza na CAJJ, kituo cha msaada wa sheria cha Kolwezi, walitoa ripoti juu ya migodi mitano mikubwa ya shaba na kobalti. Walikadiri kwamba 57% ya wafanyakazi wa migodi hiyo walikuwa chini ya kampuni za sutretansi, na walieleza kwamba wengi wao walikuwa na mshahara mdogo na ulinzi mdogo kupita wale walioajiriwa na mgodi wenyewe. Ripoti hiyo haikuzungumzia zaidi watu wa enformatiki. Hata hivyo ngazi ni ile ile: mgodi juu, kampuni katikati, mtu chini.

Faida: shule yenye kulipa

Faida ya kwanza ni kujifunza haraka. Fundi mwenye kutumika ndani ya benki anaweza kumaliza miaka tatu akifanya kitu kimoja: kufungua konti za wafanyakazi, kubadilisha maneno ya siri, kutengeneza imprimanti. Ku kampuni ya huduma, juma moja linaweza kumpeleka ku depo ya mafuta kufunga kamera, ku famasi kuweka programu ya stoki, ku ofisi ya mwanasheria kurudisha mafaili yaliyopotea, kisha ku mnara wa rezo kugeuza anteni. Kwa mtu mwenye kutoka chuo, ambako mara mingi wanafunzi ni wengi na mashini ni chache, hiyo ni nafasi kubwa. Anakutana na shida za kweli, na mteja mwenye hasira anayetaka jibu leo, hata kesho ni mbali.

Faida ya pili ni kusimama karibu na wakubwa wa kazi. Ndani ya kampuni ya watu kumi, mwenye kuanza anakaa meza moja na fundi wa miaka kumi na tano ya kazi. Anaona namna anatafuta shida: kwanza waya, kisha umeme, kisha programu. Maarifa ya namna hiyo hayapatikani ndani ya silabasi. Kampuni zingine zinalipia wafanyakazi mtihani wa seti za kimataifa, kama zile za Cisco na Microsoft, zenye bei ya dola ambayo familia nyingi haziwezi kutoa. Hapo ni lazima kusoma karatasi vizuri: mara ingine kampuni inalipa mtihani, na fundi anasaini kwamba hataondoka kwa muda fulani, ama sivyo atarudisha feza. Si vibaya, lakini ni deni.

Faida ya tatu ni kujulikana. Fundi mwenye kupita ku wateja kumi anaacha jina lake ku wateja kumi. Siku moja, mmoja wao atatafuta mtu wa kuajiri. Ao fundi mwenyewe atataka kufungua kampuni yake, na ordonansi-sheria namba 22/030 ya tarehe 8 Septemba 2022 juu ya ujasiriamali na kampuni changa imeweka msingi wa kuwasaidia watu wa namna hiyo. Wengi wenye kuendesha kampuni ndogo za enformatiki mjini walianza hivyo: kwa kutumikia mwengine.

Faida ya ine ni kwamba kazi yenyewe inaongezeka. Serikali inasukuma mambo mengi kuingia ku kompyuta. DGI inataka wafanyabiashara wanaolipisha TVA ya 16% watumie fakture zilizoandikwa kwa mfumo wa kielektroniki. Maduka yanapokea malipo kwa M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, na yanataka hesabu hizo ziingie ndani ya programu yao. Kila moja ya mabadiliko hayo inahitaji mtu wa kuja kuweka, kueleza na kutengeneza. Duka la Kamalondo haliwezi kuajiri fundi wa mwezi muzima, lakini linaweza kulipa kampuni saa mbili.

Mzigo wa kwanza: maisha ya kontra ya mteja

Shida kubwa inatoka pale pale faida inatoka. Kazi ya fundi inaishi maisha ya kontra ya mteja. Mteja akiongeza mwaka, fundi naye anaongezewa. Mteja akikata, kampuni inasema haina tena kazi ya kumpa. Fundi anaweza kuwa ametumika vizuri, bila kukosa hata siku moja, na bado anatoka, juu ya uamuzi uliochukuliwa ndani ya ofisi yenye hajawahi kuingia.

Mwaka wa 2025 ulionyesha namna uamuzi huo unaweza kutoka mbali. Bei ya kobalti ilikuwa imeshuka sana ku soko la dunia. Tarehe 22 Februari 2025, Kongo, yenye kutoa sehemu kubwa kabisa ya kobalti ya dunia, ilisimamisha kuiuza inje kwa miezi ine. Mwezi wa Juni, muda uliongezwa miezi tatu. Kuanzia tarehe 16 Oktoba 2025, ARECOMS, mamlaka yenye kuchunga masoko ya madini ya maana, ilibadilisha katazo hilo na mpango wa vipimo: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya 2025, kisha tani 96,600 kila mwaka kwa 2026 na 2027.

Shaba iliendelea kuuzwa, basi migodi ya Kolwezi haikufungwa yote. Lakini mgodi wenye kujaza kobalti ndani ya depo bila kuiuza unatafuta pahali pa kupunguza feza zenye kutoka. Na pahali pepesi ni ku huduma za inje. Kumwachisha mfanyakazi wake wa kudumu, mgodi unahitaji sababu, preavi na malipo. Kukosa kuongeza kontra ya kampuni ya enformatiki, inatosha barua moja. Hapo ndipo mtu mwenye kuweka kamera na rezo, asiyegusa jiwe hata moja la kobalti, anagundua kwamba mshahara wake nao ulikuwa ndani ya jiwe.

Mzigo wa pili: saa, barabara na usiku

Sheria ya kazi inaweka juma la kazi ku saa 45. Saa zenye kupita pale ni saa za zaidi, na zinapaswa kulipwa na nyongeza. Ku kampuni za enformatiki, saa 45 zinaweza kumalizika mbele ya siku ya Ijumaa. Kazi mingi haiwezi kufanyika mchana, wakati watu wako ku mashini zao: kubadilisha serveri, kuhamisha mafaili, kuweka toleo jipya la programu. Inafanyika usiku, ao siku ya Mungu.

Tena kuko ile zamu ya kulala na simu wazi. Mteja amelipa ili apate msaada saa 24. Nyuma ya maneno hayo kuko mtu moja, nyumbani kwake Katuba ao Kenya, mwenye kusikiliza simu saa nane ya usiku. Umeme wa SNEL ukikatika kisha ukarudi na nguvu, serveri inaweza kuzimika ao kuungua, na mtu huyo anaamka. Kampuni ngapi zinaandika saa hizo ku karatasi ya mshahara? Kila mfanyakazi anaweza kufungua karatasi yake na kujijibu.

Juu ya saa kuko barabara. Kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi ni karibu kilometa 300, na wateja wakubwa wako kule. Fundi anatumwa juma mbili, anabaki miezi miwili, na familia inabaki nyuma. Code du travail inajua mzigo huo: kontra ya muda haiwezi kupita miaka miwili, lakini kwa mfanyakazi mwenye kuoa anayetenganishwa na familia yake, haiwezi kupita mwaka moja. Wenye kutunga sheria waliona kwamba kumweka mtu mbali na watoto wake ni jambo lenye bei.

Kwa wanawake, mzigo uko na uso mwingine. Tangu sheria namba 16/010 ya tarehe 15 Julai 2016, mwanamuke anaweza kutumika usiku sawa na mwanaume, na hiyo ilifungua milango. Likizo ya uzazi ni majuma 14. Lakini kontra fupi inaweza kufanya haki hiyo ibaki ku karatasi: mwanamuke mwenye mimba, kontra yake inaisha mwezi wa saba, na hakuna anayesema amefukuzwa. Wanasema tu: kontra imefika mwisho.

Mzigo wa tatu: feza ilipo, na hesabu yake

Wafanyakazi wengi wa kampuni hizi wanalalamikia mshahara wenye kuchelewa. Ili kusema ukweli, bosi wa kampuni ndogo naye ameshikwa. Alinunua kamera na rutere kwa feza taslimu. Alilipa dwani Kasumbalesa. Alijaza mazuti ndani ya jenereta. Mteja mkubwa, yeye, anaweza kulipa fakture kisha miezi miwili ao mitatu. Katikati, kampuni inakosa feza, na mtu wa kwanza kungojea ni mfanyakazi. Mgodi unakopa ku kampuni, kampuni inakopa ku fundi, fundi anakopa ku duka la mtaa. Mwenye nguvu ndogo ndiye anakuwa benki ya mwenye nguvu kubwa.

Kuko jambo lingine lenye kujificha zaidi ya kuchelewa: namna mshahara unavyotajwa. Chukua mfano. Kampuni A inasema: tutakupa dola 450 mkononi, bila karatasi mingi. Kampuni B inasema: mshahara wako ni dola 400, umetangazwa ku CNSS. Vijana wengi watakimbilia A. Tupige hesabu.

Ku CNSS, malipo yote ni 18% ya mshahara. Mfanyakazi anatoa 5%, bosi anatoa 13%. Kwa dola 400, fundi wa kampuni B anakatwa dola 20, anabaki na 380 mbele ya kodi ya mshahara. Bosi anaongeza dola 52 kutoka mfukoni mwake: 20 kwa pensheni, 26 kwa malipo ya familia, na 6 kwa hatari za kazi. Basi fundi wa A anashika dola 70 zaidi kila mwezi, ni kusema 840 kwa mwaka. Fundi wa B, kwa jina lake ku CNSS zinaingia dola 72 kila mwezi, ni kusema 864 kwa mwaka. Kwa hesabu tupu, hakuna anayepoteza sana, na kodi ya mshahara inaongeza tofauti ku mkono. Kijana wa miaka 25 atasema pensheni iko mbali, na hakosei: iko mbali.

Lakini tazama zile dola 6. Mafundi wa rezo wanapanda minara. Wanapanda paa za mabati zenye kuteleza wakati wa mvua. Wanashika umeme wenye kurudi bila kubisha. Wanasafiri usiku ku barabara ya malori. Zile dola 6 za kila mwezi ndizo zinaingia ku sanduku lenye kulipa wakati mtu anaanguka. Mfanyakazi asiyetangazwa, siku ya ajali, analazimika kwanza kuhakikisha kwamba alikuwa mfanyakazi, na wakati huo mguu wake umevunjika na hospitali inaomba feza. Kampuni yenye kukataa kumtangaza imepunguza dola 6, na imemwachia yeye na familia yake hatari yote.

Sheria ya kazi inaongeza kwamba bosi anapaswa kutunza mfanyakazi na jamaa yake wakati wa ugonjwa. Mtoto akishikwa na malaria mara tatu ndani ya mwaka, na mama akijifungua, kampuni yenye kuwa na hospitali ya kweli ya kupokea wafanyakazi inaweza kuwa bora kupita ile ya dola 450.

Funguo mikononi mwa fundi

Kazi hii iko na hatari ingine yenye kazi zingine hazina. Fundi wa enformatiki anashika funguo: maneno ya siri ya serveri, ya kamera, ya mafaili ya mishahara. Tangu ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, Kongo iko na Code du numérique, na kuingia ndani ya mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa lenye azabu. Sasa fikiri fundi mwenye kuachishwa kazi kwa hasira, miezi miwili bila mshahara, na simu yake bado inafungua kamera za mteja. Akiingia, hata kwa kuchungulia tu, amejitia ndani ya kosa. Na asipoingia, lakini mtu mwingine akaiba, macho ya kwanza yatamwangalia yeye.

Juu ya hiyo, mwenye kutoka kazini ajilinde kwa karatasi: liste ya funguo zote alizokuwa nazo, tarehe ya kuzirudisha, na saini ya mwenye kupokea. Kampuni nayo ibadilishe maneno ya siri siku ile ile. Ni kazi ya nusu saa, na inaweza kuepusha siku mingi mbele ya parke.

Sheria inasema nini juu ya kontra

Wafanyakazi wengi wanafikiri kwamba mtu mwenye kukosa karatasi hana haki. Code du travail ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema kinyume. Kontra inapaswa kuandikwa, na kama haikuandikwa, inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho mpaka bosi ahakikishe mambo mengine. Basi kukosa karatasi ni kosa la bosi, na sheria haitaki alipwe kwa kosa lake.

Kwa mwenye kutumika siku kwa siku, sheria inasema hivi: akiisha kufanya siku 22 ndani ya miezi miwili, na akachukuliwa tena mbele ya miezi hiyo kuisha, kontra yake mpya inahesabiwa kuwa ya kudumu. Mafundi wenye kuitwa “ku dosari”, leo kuvuta waya, kesho kufunga kamera, wanapaswa kuandika siku zao ndani ya kaye na kuchunga ujumbe wa simu wa kila mwito.

Kontra ya muda haiwezi kuongezwa zaidi ya mara moja na bosi yule yule, isipokuwa kwa kazi za pekee zenye sheria inataja, kama vile kazi za msimu na kazi zenye kutajwa wazi mwanzo wake na mwisho wake. Na kwa kazi yenye kudumu ndani ya kampuni, kontra inapaswa kuwa ya kudumu. Hapa ndipo mabishano makubwa yako. Kampuni inasema: kazi hii imefungwa ku soko la mteja, si ya kudumu. Fundi anajibu: niko miaka mitano hapa, wateja watatu wamepita, mimi niko pale pale. Ku maneno hayo, mwenye kupima ni Inspection du travail kwanza, kisha tribunali ya kazi.

Bosi mwenye kuvunja kontra ya kudumu anapaswa kutoa preavi: angalau siku 14 za kazi, pamoja na siku 7 kwa kila mwaka muzima wa kazi. Fundi wa miaka mitano yuko na haki ya siku 49 za kazi. Mtu mwenye kuambiwa siku ya Ijumaa asirudi siku ya Kwanza amekosewa, hata kama mteja ndiye alikata soko.

Kati ya kuingia na kubaki

Ukiweka yote ku mizani, kampuni za huduma za enformatiki zinafaa zaidi ku miaka ya kwanza ya kazi. Mtu wa miaka 24 asiye na mtoto anaweza kuvumilia Kolwezi na simu za usiku, juu anapata maarifa ya miaka mitano ndani ya miwili. Kadiri miaka inaendelea, hesabu inageuka. Maarifa mapya yanapungua, mzigo unabaki ule ule, na watoto wanahitaji karo ya shule kila mwezi, mteja awe amelipa ao hapana. Kuko pia hatari ya kujua kila kitu kidogo kidogo: waya kidogo, kamera kidogo, programu kidogo. Siku benki inatafuta mtu mwenye kujua vizuri ulinzi wa rezo, fundi wa kila kitu anapitwa na mwenye kuchagua njia moja. Mwenye kuingia achague mapema kitu kimoja atakachokisoma mpaka chini, hata kama bosi anamtuma kila pahali.

Mbele ya kusaini, maswali machache yanaweza kufungua macho. Nani analipa mshahara, na tarehe gani? Kampuni iko na namba ku CNSS, na jina la mfanyakazi litatangazwa tangu mwezi gani? Saa za usiku zinaandikwa wapi? Nani analipa safari, chakula na malazi Kolwezi? Mteja akikata soko, kampuni itamweka fundi wapi? Kama kampuni inalipa mtihani, deni linaisha lini? Bosi mwenye kampuni ya kweli hatakasirika kwa maswali hayo. Mwenye kukasirika amekwisha kujibu.

Kuko pia kazi ya wakubwa, na hiyo haiwezi kufanywa na kijana mwenye kutafuta mkate. ARSP inapima kama kampuni ya sutretansi iko na mtaji wa Wakongo. Ingekuwa vizuri pia, wakati wa kupima soko, kuuliza kama wafanyakazi wametangazwa ku CNSS na kama mteja analipa fakture kwa wakati. Migodi yenye kutangaza kwamba inasaidia vijana wa Lualaba inaweza kuanza na jambo pepesi: kulipa kampuni ndogo haraka. Na wakati inchi inaamua tani ngapi za kobalti zitoke, uamuzi wenye unaweza kuwa na sababu yake, ni lazima kuhesabu pia watu wasioonekana ndani ya takwimu za mgodi: walinzi, wapishi, madereva, na yule kijana mwenye laptopu na ngazi ya kupanda ku mnara. Kwa miaka ya 2026 na 2027, vipimo vimekwisha kutangazwa. Kontra nyingi za huduma zinasainiwa ao zinakatwa mwanzo wa mwaka. Wafanyakazi wenye karatasi zao sawa watakuwa na kitu cha kushika.